Pwani Ionekanavyo Kutoka Kiboriloni

Kiboriloni si mji wa pwani. Ni mahali palipo kando ya barabara itokayo Moshi kwenda Himo, chini ya mteremko wa Kilimanjaro, na mtu asimamapo hapo akatazama kaskazini huona migomba na mlima, wala haoni tanga wala gati. Hata hivyo haipiti siku Kiboriloni pasipo bahari kuwamo katika shughuli za watu wake. Tangu reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, kahawa ya mlimani ilishuka kwa gari la moshi kwenda bandarini, na vitambaa, chumvi na mafuta ya taa vikapanda kwa njia iyo hiyo. Jina lenyewe la Kiboriloni limezoeleka masikioni mwa wengi kwa sababu ya biashara ya mitumba, na mitumba hutoka melini. Belo moja likifunguliwa huweza kutoka humo kaptura ya maua, kofia ya majani makavu na vazi la kuogelea, nguo ambazo mtu wa Ulaya alizinunua kwa ajili ya majira yake ya joto, akazivaa siku chache kando ya bahari yake, kisha akazitoa. Hivyo mtu wa Kiboriloni huweza kuvaa mapumziko ya pwani ya watu wengine kabla hajauona ufuko wa nchi yake mwenyewe.

Jambo hilo lastahili kutangulizwa katika uhakiki wa maandishi yanayohusu pwani, kwa kuwa maandishi hayo aghalabu hupimwa na watu wa namna mbili tu. Wa kwanza ni mwenyeji wa pwani, ambaye huyapenda au huyakataa kwa kadiri yanavyofanana na kumbukumbu zake. Wa pili ni mgeni wa ng'ambo, aliyelipa nauli kubwa ili aone mchanga mweupe, naye huyapima kwa kadiri yanavyomtimizia alichokitarajia. Wa tatu, yaani mtu wa bara wa nchi hii hii, haulizwi. Lakini yeye ana jambo ambalo wenzake hawana. Ametokea mahali ambapo nchi ya watu, yenye mashamba na makaburi yao, iligeuzwa kuwa mandhari ya kutazamwa. Kwa hiyo anajua ni kitu gani hufutwa katika picha ili picha ipendeze. Kwa kipimo chake, maandishi bora juu ya pwani ni yale ambayo humwonyesha anayepumzika na anayefanya kazi wakiwa wamesimama juu ya mchanga mmoja, na maandishi dhaifu ni yale yanayomwondoa mmoja wao.

Ni vyema kuanza na maneno, maana lugha huhifadhi mambo ambayo wasemaji wake wamekwisha kuyasahau. Neno pwani limetokana na kupwa. Ni mahali ambapo maji hupwa, kisha hujaa tena. Kwa hiyo pwani, katika asili ya neno, si mstari utenganishao nchi na bahari, bali ni eneo ambalo kila siku huwa bahari mara mbili na huwa nchi mara mbili. Eneo hilo lina kazi zake na saa zake. Maji yakipwa wanawake hutoka kuokota chaza na kome, wavuvi wa pweza hutembea juu ya miamba, makumbi ya nazi hufukiwa ili yaoze yatoe nyuzi za kamba, na chombo kilichopandishwa hukalafatiwa. Wakati wa bamvua maji huenda mbali na kazi huwa nyingi. Wakati wa maji mafu hayasogei sana na kazi hupungua. Mtu asiyejua mwezi uko wapi hawezi kuishi pwani kwa maana kamili ya neno hilo.

Neno forodhani nalo lina habari yake. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru, na Forodhani ya Unguja ilikuwa mahali ambapo bidhaa zilishushwa na kuhesabiwa. Bandari ilipohamia Malindi katika miaka ya 1920, mahali pale palibaki wazi, na katika miaka ya 1930 palifanywa bustani, ikaitwa kwa jina la Jubilii. Jina la Jubilii limekwisha, lakini jina la ushuru limedumu. Leo mtu aendaye Forodhani jioni kula mishkaki na kunywa maji ya miwa anakwenda, kwa mujibu wa lugha, kwenye nyumba ya kodi. Halikadhalika msemo wa kupunga upepo waonyesha kwamba starehe ya pwani haikuletwa na mgeni. Watu wa miji ya mwambao walikuwa wakitoka jioni kukaa kando ya maji, baada ya kazi, mahali pale pale palipofanyiwa kazi. Na huko Makunduchi, kila mwezi wa Julai, watu huukoga mwaka: huingia baharini ili kuuacha mwaka uliopita majini na kuanza mwingine wakiwa safi. Hiyo nayo ni safari ya pwani yenye majira yake, na imetangulia hoteli zote.

Siku hizi limeingia neno bichi. Hapana haja ya kulilaumu kwa sababu ya ugeni wake, kwani bandari na forodha pia ni maneno ya kukopwa, na Kiswahili hakikuwahi kuona haya ya kukopa. Upungufu wa bichi ni mwingine: halina maji yanayopwa wala yanayojaa. Bichi ni mahali pasipo saa. Katika matangazo bahari daima imejaa, rangi yake daima ni ya samawati, na mchanga daima ni mtupu. Mtu wa Kiboriloni asomapo tangazo la namna hiyo ana haki ya kuuliza wenye pwani wamekwenda wapi.

Swali hilo laweza kuulizwa hata kwa kitabu cha zamani. Mwaka 1886 Emily Ruete, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 kwa jina la Salme, binti wa Sayyid Said, alitoa kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Ndani yake amelieleza jumba la Mtoni alimozaliwa, na jengo la mviringo lililojengwa ukingoni mwa bahari, ambapo baba yake alizoea kutembea huku na huku akiwa amezama katika mawazo. Ni maelezo yenye uzuri wa kweli, kwa sababu yameandikwa na mtu aliyeikosa bahari hiyo akiwa katika nchi ya baridi. Lakini ukingo huo wa bahari unatazamwa kutoka barazani. Watumwa wapo katika kitabu, na sura moja inauzungumzia utumwa, lakini kwa namna ya kuutetea. Haikutazamwa pwani kwa macho ya yule aliyeletwa hapo kwa miguu kutoka bara. Kwa mtu huyo pwani haikuwa mahali pa upepo. Ilikuwa mwisho wa njia, na soko la Unguja lililofungwa mwaka 1873 ndilo lililokuwa jumba lake. Msomaji wa bara hawezi kulisahau jambo hilo, na hapaswi kuombwa alisahau ili aufurahie ukurasa. Kwa hiyo kitabu cha Salme ni ushahidi mkubwa wa uzuri wa ufuko, na vilevile ni ushahidi wa jinsi uzuri huo unavyoweza kuandikwa kwa kumgeuzia kisogo aliyeubeba.

Mtu wa pili wa kutazamwa ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Wahakiki wamemsifu kwa hekima na maadili yake, lakini si mara nyingi kazi yake ya mshahara imetiliwa maanani. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani katika idara ya forodha, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Hii ina maana kwamba mwandishi mkubwa wa nathari ya Kiswahili alizijua bandari za pwani kwa upande wa daftari: idadi ya magunia, jina la nahodha, kiasi cha ushuru. Labda ndiyo sababu maandishi yake hayaimbi sifa za mchanga. Anapoeleza maisha ya watu, hueleza wajibu, deni na stahili, kama mtu aliyezoea kuhakikisha kwamba kilichoingia kinalingana na kilichoandikwa.

Uzuri wa njia hiyo waonekana katika wasifu aliouandika wa Siti binti Saad. Siti alitoka Fumba, kijiji cha pwani cha kusini mwa Unguja, katika jamaa ya wafinyanzi, akaenda mjini kuuza vyungu, na sauti aliyoinadia bidhaa ndiyo iliyokuja kumfanya mwimbaji. Santuri zake zilizorekodiwa Bombay tangu mwaka 1928 zilivuka bahari na kuenea Afrika ya Mashariki. Hapa kazi na burudani hazikutengwa: wimbo umetoka katika mzigo wa vyungu. Leo Fumba kunajengwa mji mpya wa nyumba za kuuza, na wanunuzi wake hutoka mbali. Si kosa mji kujengwa. Lakini atakayeandika juu ya Fumba hiyo mpya atakuwa na deni kwa Shaaban Robert: ataulizwa kama ameusikia, katika makao mapya, ule mwito wa muuza vyungu, au kama amesikia bahari tu.

Riwaya iliyokwenda mbali zaidi katika kuonyesha kazi ya ufuko ni Kuli ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1979. Riwaya hiyo imejengwa juu ya maisha ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Rashidi, mtoto wa kuli, naye anakuwa kuli. Bahari kwake ni meli, na meli ni uzito juu ya bega. Nguvu ya kitabu ni kwamba msomaji hawezi tena kutazama gati kama mahali pa kupigia picha. Hata hivyo ni haki kusema kwamba katika kumrudisha mfanyakazi, mwandishi amemwondoa mpumzikaji. Watu wake wanapozungumza baina yao, mara nyingine huzungumza kama walio mkutanoni, na jioni ya pwani, ambayo hata kuli alikuwa na haki nayo, imepata nafasi ndogo. Maskini naye hupunga upepo. Mwandishi akimnyima jambo hilo, japo kwa nia njema, amempunguzia utu kwa njia nyingine.

Ukamilifu zaidi wapatikana katika kitabu kisichoandikwa kwa Kiswahili lakini kilichotoka katika mwambao huu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, alitoa mwaka 2001 riwaya iitwayo By the Sea. Saleh Omar, mhusika wake mkuu, alikuwa mfanyabiashara wa samani Unguja, na miongoni mwa wateja wake walikuwa Wazungu. Katika uzee anaikimbia nchi, anafika Uingereza akiwa mwomba hifadhi mwenye pasipoti ya jina la mtu mwingine, naye anakwenda kukaa katika mji mdogo wa pwani. Aliyekuwa mwenyeji wa wageni amekuwa mgeni, na bahari anayoitazama si ya kusi na kaskazi.

Kitabu hicho hakifahamiki vyema pasipo kujua habari ya miji ya pwani ya Uingereza. Miji hiyo ilikua katika karne ya 19 kwa sababu ya reli, iliyowawezesha hata wafanyakazi wa viwanda kwenda baharini kwa siku moja au juma moja la majira ya joto. Huko Brighton mwaka 1823 lilijengwa gati lililoning'inizwa kwa minyororo, ili abiria wa kuvuka kwenda Ufaransa wapandie melini. Lakini punde si punde likawa zaidi mahali pa kutembea na kutazama maji, mpaka dhoruba ilipolivunja mwaka 1896. Ng'ambo ya Atlantiki, katika mji wa Atlantic City wa Marekani, ilijengwa mwaka 1870 njia ya mbao juu ya ufuko, na sababu yake ilikuwa ndogo: wenye hoteli na reli walichoka na mchanga ulioletwa ndani na viatu vya wageni. Njia hiyo ya mbao yaeleza mengi. Ni kifaa cha kumfikisha mtu baharini pasipo kuiruhusu bahari imfikie yeye. Ndipo yakafuata maduka, michezo na vyakula, na watu wakaweza kwenda pwani pasipo kugusa maji. Baadaye, katika nusu ya pili ya karne ya 20, ndege za nauli nafuu ziliwachukua Waingereza kwenda kuota jua Hispania, na nyumba nyingi za wageni katika miji yao ya pwani zikabaki zikitafuta wapangaji. Katika nyumba ya namna hiyo ndimo Saleh Omar anamowekwa pamoja na waomba hifadhi wengine. Mwandishi hakuhitaji kuhubiri. Chumba kilichokusudiwa mgeni wa furaha kimepewa mgeni wa dhiki, na msomaji anajionea mwenyewe jinsi mji wa pwani uliojengwa kwa ajili ya wageni ubakivyo wageni wakiacha kuja.

Somo hilo lagusa miji ya mwambao wetu kwa karibu. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009; njia zake zimepangwa na wauza vyakula wamepewa utaratibu. Nyuma yake, Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo wageni ni wengi mjini. Mombasa, reli mpya ya kutoka Nairobi ilipoanza kuchukua abiria mwaka 2017, jamaa nyingi za bara zilipata njia nyepesi ya kushuka baharini, na mwaka 2019 ukingo wa bahari wa Mama Ngina, ambapo wenyeji wamezoea kwenda jioni kwa mihogo na madafu, ulifunguliwa ukiwa umejengwa upya. Haya si mabaya. Ukingo wenye viti na taa humfaa mama mwenye watoto kuliko ukingo wenye taka. Ila yafaa kuangalia kama yule aliyekuwa akiuza mihogo anaendelea kuuza, na kama yule aliyekuwa akikaa bure anaendelea kukaa bure. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kinga ya mita 60 kando ya bahari. Sheria hiyo, ikisomwa kwa jicho la mhakiki, ni maandishi ya Kiswahili cha kale: inakiri kwamba pwani si mstari, bali ni upana.

Mfano wa wazi wa kupishana kwa pwani hizo mbili ni Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja. Kilimo cha mwani cha kuuza kilianzishwa huko mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Shamba la mwani ni vigingi na kamba zilizofungwa katika maji mafupi. Mkulima huliendea maji yakipwa na huliacha maji yakijaa. Ufuko huo huo umekuwa mashuhuri kwa michezo ya tiara za upepo zinazomvuta mtu juu ya mawimbi. Mchezaji hutaka maji yaliyojaa na yaliyo wazi, na kamba za mwani humsumbua; mkulima hutaka vigingi vyake viachwe. Zaidi ya hayo, joto la bahari limeongezeka na limeidhoofisha aina ya mwani yenye bei nzuri. Hapo ipo riwaya nzima inayongoja mtu wa kuiandika, nayo haitaandikwa na yule ajuaye bichi peke yake, kwa kuwa mgogoro wake wote umo katika saa za maji.

Pangani, mojawapo ya mahali alipohesabia Shaaban Robert magunia, pana jambo la kutisha zaidi. Kisiwa cha Maziwe, kilicho mbele ya pwani hiyo, kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga mayai. Mmomonyoko ulikila, miti yake ya mwisho ikaanguka, na leo ni fungu la mchanga ambalo hufunikwa maji yakijaa. Wageni hupelekwa huko maji yakipwa, wakaogelea, wakapiga picha, wakarudi. Picha hiyo ni ya kweli kwa saa chache tu za siku. Baada ya hapo kisiwa hakipo.

Hapa ndipo mtu wa Kiboriloni anapopata haki yake ya kusema, kwa kuwa habari hii anaijua kwa upande wa juu. Mlima ulio nyuma yake umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912, nao bado hutangazwa kwa picha za weupe wake. Hifadhi ya taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973, na mwaka 1987 mlima uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni wanaoupanda hufuatwa na wachukuzi, ambao wenyewe huitana wagumu, kila mmoja akiwa na mzigo wa hadi kilo 20. Lakini katika picha ya kileleni aghalabu mchukuzi hayumo. Vitabu viliandika kwa muda mrefu kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889, na jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa miongoni mwa waliowaongoza, halikupata heshima ya hadharani mpaka safari hiyo ilipotimiza miaka mia. Kuli wa Adam Shafi na mgumu wa Kilimanjaro ni ndugu wa kazi. Mmoja huchukua mzigo kutoka melini, mwingine huupeleka mawinguni, na wote wawili hutakiwa wasionekane wakati wa kupigwa picha. Kwa sababu hiyo mtu wa mlimani akisoma habari za mchanga mtupu usio na mtu hadanganyiki upesi. Anajua kwamba mahali patupu pamefanywa patupu.

Lakini haki hiyo ina wajibu wake. Mtu wa bara naye hutazama pwani kwa macho ya mgeni, na mara nyingine kwa ubaridi zaidi. Kwa watu wengi wa Kilimanjaro pwani ni mahali pa kutafuta riziki, na mlima ndio mahali pa kupumzikia. Desemba ikifika, mabasi hupanda kutoka Dar es Salaam na Tanga yakiwa yamejaa, hata watu wa makabila mengine hutania kwamba Wachaga wanakwenda nyumbani kuhesabiwa. Gari la moshi la abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi liliporudishwa Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa miaka mingi, lilirudishwa katika msimu wa kupanda, si wa kushuka. Mtu aliyekaa Kariakoo miaka 20 akiuza duka huweza kuifahamu bahari kwa bei ya kontena, asijue bamvua ni siku gani. Huyo naye ameugawa ufuko. Amechukua kazi yake akaacha maji yake.

Tena ni lazima kukubali hoja ya wale wanaoutetea utalii wa pwani. Husema kwamba pwani ya zamani haikuwa na shibe, kwamba uvuvi hautoshi tena, na kwamba mshahara wa hoteli hulipa ada za shule. Hoja hiyo ni ya kweli, na hakuna mhakiki mwenye haki ya kumtaka mwanamke wa Jambiani abaki majini ili mandhari ya riwaya yasiharibike. Waswahili wenyewe walikwisha kulikata shauri hili kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali haimkatai mgeni, bali humwita. Ila imeweka sharti katika neno la mwisho. Kuja kwa mgeni hupimwa kwa kupona kwa mwenyeji, si kwa wingi wa wageni wala kwa uzuri wa malazi yao. Kipimo hicho kilichokusudiwa ugeni chafaa vilevile kwa maandishi juu ya ugeni. Kitabu, tangazo au wimbo juu ya pwani uulizwe: je, mwenyeji amepona humu, au amefutwa?

Kwa kipimo hicho, kumbukumbu za Salme zimeuponya ufuko lakini hazikumponya mtumwa. Shaaban Robert amemponya muuza vyungu. Adam Shafi amemponya mchukuzi, akamnyima jioni yake. Gurnah amemweka mwenyeji katika nafasi ya mgeni, na kwa hivyo amezionyesha pande zote mbili za methali. Kilichopungua bado ni hadithi ya jamaa ya bara ishukayo baharini kwa mara ya kwanza, si kwa kutafuta kazi wala kwa kukimbia dhiki, bali kwa kutaka kuona. Jamaa hiyo ipo. Huondoka Kiboriloni kwa basi la alfajiri, hupita Himo, Same na Mombo, na Segera huchagua Tanga au Dar es Salaam. Au hupita Holili na Taveta hadi Voi, ikaendelea Mombasa. Watoto huonja maji ili wahakikishe kama ni ya chumvi. Baba hukunja suruali, mama husita kuingia na kanga. Juni au Julai, wakati wa likizo, ni majira ya joto kwa Mzungu aliye kando yao. Kwao wao ni wakati wa baridi ya mlimani, na kwa mwenyeji ni kipupwe na upepo wa kusi. Watu wa namna tatu wamesimama katika maji mamoja, kila mmoja katika majira yake.

Mwandishi atakayeieleza siku hiyo hatahitaji kuisifu bahari. Atahitaji kujua maji yalipwa saa ngapi, nani alikuwa akifanya kazi palipopwa, nani alilipa kuingia na nani alizuiliwa, na belo lililofunguliwa Kiboriloni lilipitia gati gani. Akiyajua hayo, uzuri wa pwani utakuja wenyewe, kwa kuwa haukuwahi kutoka. Lugha ya Kiswahili ilikwisha kumwekea nusu ya kazi hiyo katika neno moja, pwani, na kilichobaki ni yeye kulitumia kwa maana yake yote.